Mteremko wa Bugarama: Historia ya Maarifa ya Mwendo na Kani katika Barabara ya Bujumbura

IKISIRI

Makala hii inachunguza jinsi kanuni za msingi za mwendo na kani zilivyofahamika, zilivyotumika na zilivyotajwa katika barabara inayoshuka kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura. Inadai kwamba waendesha baiskeli wa barabara hiyo na mafundi wa Buyenzi wanayo elimu sahihi ya mwendo, na kwamba katika suala moja muhimu kauli yao inakaribia ukweli wa barabarani kuliko somo la fizikia kama linavyokaririwa darasani. Hata hivyo, elimu hiyo imekaa katika Kirundi na Kiswahili cha mjini, ilhali shule na sheria vimezungumza Kifaransa. Pengo hilo lina gharama inayolipwa kwa miili ya watu.

1.0 Utangulizi

Barabara ya Taifa Namba 1 ya Burundi inaanzia Bujumbura, mji uliokaa kando ya Ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo inapanda kwa kona nyingi hadi Bugarama, kwenye mgongo wa milima unaotenga maji yanayoelekea Kongo na yale yanayoelekea Nile, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kisha inaendelea Kayanza na mpaka wa Rwanda. Kipande cha Bujumbura hadi Bugarama kina takriban kilomita 35. Malori yaletayo bidhaa kutoka kaskazini hukipita, na pamoja nayo hupita baiskeli: zikishuka na mikungu ya ndizi, magunia ya makaa na mboga za milimani; zikipanda tupu au na mzigo mdogo, mwendeshaji mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika nyuma ya lori.

Picha ya mtu aliyening'inia nyuma ya lori imewavutia sana wapiga picha wa kigeni. Imezoeleka kuelezwa kama ujasiri, au umaskini, au utovu wa nidhamu. Makala hii inaitazama kama suluhisho la tatizo la kani, kisha inauliza suluhisho hilo lina historia gani na kwa nini wanaotunga kanuni za barabara hawajalijadili kwa sura hiyo.

2.0 Mto uliobishaniwa London

Si mara ya kwanza kwa watu wa kaskazini mwa Tanganyika kujua jambo la mwendo ambalo wenye kalamu walilitilia shaka. Mwezi Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira, ng'ambo ya pale ilipo Bujumbura leo, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa: kama ungetoka kuelekea kaskazini, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wasafiri hao hawakufika mlangoni mwa mto, na mjadala ukaendelea Ulaya kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji na kushuhudia maji ya Rusizi yakiingia ziwani.

Jibu halikuwa limefichwa. Mvuvi yeyote aliyepiga kasia mlangoni mwa mto alilihisi mikononi mwake, kwa maana maji huteremka na mtumbwi husukumwa upande yanakokwenda. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kauli ya mvuvi ikiwa na hadhi ya ushahidi mbele ya chama cha wanajiografia. Tutaona kwamba hali hiyo haijatoweka.

3.0 Kutoka kichwani hadi kwenye gurudumu

Kabla ya barabara, mzigo wa eneo hili ulikwenda kwa mtumbwi majini na kwa kichwa nchi kavu. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba takriban kilo 30. Fizikia ya shuleni ina kauli ya ajabu kuhusu mpagazi: akitembea kwenye ardhi tambarare kwa mwendo usiobadilika, hafanyi kazi yoyote juu ya mzigo wake, kwa sababu kani anayoitoa inaelekea juu ilhali mzigo unakwenda mbele. Kauli hiyo ni sahihi kwa maana ya kitaalamu ya neno kazi, nayo ni karaha kwa yeyote aliyewahi kubeba. Ni mfano wa kwanza wa jinsi neno moja linavyoweza kumfanya mwanafunzi aone kwamba sayansi inamkana.

Wajerumani walianzisha kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, wakitumia Kiswahili katika utawala kama walivyofanya kwingineko katika koloni lao. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Wakazi waliotoka Ujiji, Manyema na pande nyingine za ziwa, wengi wao Waislamu wenye kusema Kiswahili, walipata makazi yao katika mitaa ambayo kati yake Buyenzi ndio uliobakia maarufu. Buyenzi ukawa mtaa wa ufundi. Hadi leo ndiko gari linakopelekwa likikataa kuwaka, na ndiko fremu iliyovunjika inakochomelewa.

Baiskeli iliingia katika mazingira hayo na jina lake lilipita njia ya kazi. Warundi huiita ikinga. Kiswahili cha Kongo, kutoka Katanga hadi kando ya ziwa, huiita kinga. Kuenea kwa neno hilo katika lugha za jirani kunaonyesha kwamba chombo na jina vilisafiri pamoja na watu waliokwenda kutafuta kazi migodini, mijini na katika bandari za ziwa, wala havikuteremshwa na kamati ya istilahi. Msomaji wa Kiswahili sanifu, ambaye kwake kinga ni kitu cha kujihami, atasamehewa akitabasamu.

Gurudumu lilibadili hesabu ya mzigo. Mtu aliyebeba kilo 30 kichwani anaweza kuteremsha kilo 100 na zaidi kwa baiskeli nzito ya chuma yenye karia iliyoimarishwa kwa nondo. Lakini mpagazi akichoka alisimama. Baiskeli yenye mzigo mteremkoni haisimami kwa sababu mwenyewe amechoka.

4.0 "Mzigo unanisukuma"

Anayeshuka na mzigo mkubwa husema kwamba mzigo unamsukuma. Kauli hii inastahili kuchambuliwa kwa utulivu, maana hapa ndipo elimu ya barabarani na elimu ya darasani hukutana na kuonekana kugombana.

Katika kitabu chake cha 1638, Galileo alieleza majaribio ya kuviringisha mipira kwenye ubao wenye mwinamo. Alionyesha kwamba umbali unaosafiriwa hukua kwa mraba wa muda, na mafundisho yake yakatuachia kanuni kwamba vitu vizito na vyepesi, pasipo ukinzani, huteremka kwa mchapuko uleule. Newton, mwaka 1687, alitoa sababu: kani inayokivuta kitu chini hukua kadiri tungamo lake linavyokua, lakini ugumu wa kukiharakisha nao hukua kwa kiasi kilekile, na hivyo viwili hufutana. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani atamwambia mwendesha baiskeli kwamba amekosea: mzigo haumsukumi, na kilo 100 za ndizi hazimharakishi hata kidogo.

Mwanafunzi huyo atakuwa amekariri kanuni na kusahau sharti lake, yaani pasipo ukinzani. Tufanye hesabu. Tuchukue mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 20 na ndizi za kilo 110, jumla kilo 200. Wastani wa mwinamo kutoka Bugarama, tukikadiria mshuko wa mita 1,400 katika kilomita 35, ni asilimia 4. Kani inayomvuta kuelekea bondeni sambamba na barabara ni takriban nyutoni 78. Bila mzigo, kwa kilo 90, ingekuwa nyutoni 35 tu. Kinachopinga mwendo ni msuguano wa magurudumu, hewa na breki. Msuguano wa magurudumu hukua pamoja na uzito, kwa hiyo haubadili mizani. Hewa, kinyume chake, haijui uzito. Inajua umbo na kasi. Lau umbo lisingebadilika, kasi ambayo hewa ingeweza kuizuia isizidi ingekuwa kubwa kwa takriban nusu kwa mwenye mzigo kuliko kwa asiye nao. Mikungu hupanua umbo na kupunguza tofauti hiyo, lakini haiifuti.

Breki nazo hazijui uzito. Kipande cha mpira kinabanwa kwenye rimu kwa nguvu za vidole zilizokuzwa na wenzo, au soli ya kandambili inabanwa kwenye tairi kwa nguvu za mguu. Vidole na mguu havipati nguvu zaidi kwa kuwa mzigo umeongezeka. Guillaume Amontons alieleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1699 kwamba msuguano hutegemea ukubwa wa kani inayobana na wala si upana wa sehemu zinazogusana. Ndiyo kusema kwamba kuweka kipande kipana zaidi cha mpira hakutoshi. Lazima kibanwe kwa nguvu zaidi. Mafundi wanaorefusha mkono wa breki wanaifuata kanuni ya Amontons, na ya wenzo, bila kuitaja.

Basi anayesema kwamba mzigo unamsukuma amesema kweli. Kila kinachomzuia kina kikomo, na kinachomvuta kimeongezeka maradufu na zaidi. Kwake, tofauti kati ya mzigo mwepesi na mzito ni tofauti kati ya breki inayotosha na isiyotosha. Kanuni ya Galileo haijavunjwa. Imewekwa mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo mwendeshaji hulijua kwa pua: harufu ya mpira unaoungua. Kushusha kilo 200 kwa mita 1,400 kunaachilia nishati ya takriban jouli milioni 2.7, inayotosha kuchemsha lita 8 za maji kutoka joto la kawaida. Lau nishati hiyo yote ingegeuka kuwa mwendo, baiskeli ingefika bondeni kwa kasi ya karibu kilomita 600 kwa saa. Haifiki hivyo kwa sababu nishati hiyo huishia katika hewa, katika matairi na katika breki. Sehemu inayokwenda kwenye breki hugeuka kuwa joto, na mpira uliopata joto hulainika na kulika. Kwa hiyo breki huwa dhaifu zaidi kuelekea mwisho wa mteremko, mahali ambapo nyumba, watoto na magari yameongezeka.

Kasi yenyewe hudanganya. Kwa kilomita 25 kwa saa, mwenye breki ya wastani atahitaji takriban mita 12 ili asimame mteremkoni; kwa kilomita 50 atahitaji takriban 48. Kasi imekuwa mara mbili, umbali mara nne. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, kilomita 30 kwa saa zinahitaji kani ya kuvuta kuelekea ndani ya kona inayokaribia robo ya uzito. Kilomita 50 zinahitaji theluthi mbili. Mchanga kidogo juu ya lami hauwezi kuitoa. Hapo kanuni ya kwanza ya Newton huchukua nafasi yake: kitu kisicho na kani ya kukipinda huendelea moja kwa moja, na upande wa nje wa kona za barabara hii kuna bonde.

5.0 Mkono nyuma ya lori

Kupanda kuna hesabu tofauti. Kumwinua mtu na baiskeli tupu, kilo 90, kwa mita 1,400 kunahitaji jouli milioni 1.2. Mtu mwenye afya, akitoa wati 100 bila kupumzika, atachukua zaidi ya saa tatu na nusu ukihesabu na misuguano, na huenda hakula asubuhi. Lori linapanda polepole, na kani inayohitajika kumvuta mtu huyo kwenye mwinamo wa asilimia 4 ni nyutoni 35 pamoja na nyongeza ndogo ya msuguano. Ni kama kushika ndoo yenye lita 4 za maji. Kwenye sehemu kali yenye asilimia 8 ndoo inakuwa ya lita 8. Mkono unaweza.

Ndiyo maana tabia hii imedumu. Sababu ni ya kimahesabu: kani ndogo mkononi inaokoa nusu siku ya kazi. Lori nalo, kwa kanuni ya tatu ya Newton, huvutwa nyuma kwa nyutoni zilezile, kiasi ambacho injini yake haikihisi. Hatari haimo katika kani ya wastani. Imo katika mabadiliko. Dereva akibadili gia, lori husita kisha huruka. Inesha ya mwendeshaji, yaani hali ya kitu kukataa kubadilishiwa mwendo, humpeleka mbele kwenye bodi kisha humwacha nyuma. Na kwenye kona, mkono ulioshika pembeni huvutwa upande ambao gurudumu la mbele haliendi. Wenye uzoefu hukunja kiwiko ili mkono uwe kama springi. Anayenyoosha mkono hutambulika kuwa mgeni.

Kwa mtazamo wa makala hii, mjadala wa hadhara umeegemea mno kwenye kupanda kwa sababu ndiko kunakoonekana na kupigwa picha. Kushuka hakuna mandhari. Ni mtu amekaa juu ya baiskeli, kimya, akipita haraka. Ila nishati iliyo mikononi mwake wakati wa kushuka ni zaidi ya maradufu ya ile ya kupanda, naye ndiye mlinzi wake wa pekee.

6.0 Maneno ya kani

Mageuzi ya elimu ya mwaka 1973 yaliifanya Kirundi lugha ya kufundishia katika shule ya msingi. Sayansi ya sekondari ilibaki katika Kifaransa. Kijana aliyeacha shule mapema akaingia barabarani aliondoka kabla ya kukutana na kani kama dhana, na aliyeendelea alikutana nayo kwa lugha ambayo haikusemwa karakana. Tanzania nayo haina la kujivunia sana: ilianza kufundisha shule za msingi kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha ikaipokonya lugha hiyo sayansi mlangoni mwa sekondari.

Kazi ya istilahi haikukosekana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990, iliwapa walimu chombo cha kutenganisha yale ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Neno nguvu katika mazungumzo hubeba kani, nishati, uwezo na hata ukali. Uzito hubeba tungamo na mvuto wake. Kwa mazungumzo ya sokoni hakuna dhara. Kwa mtu anayetaka kueleza kwa nini breki iliyotosha jana haikutosha leo, tofauti hizo ni za lazima, kwa kuwa kani ya mkono haikubadilika, tungamo limeongezeka na nishati imeongezeka zaidi.

Hata hivyo, istilahi hizo hazikuvuka Malagarasi kwa urahisi. Fundi wa Bujumbura husema feri, kutokana na Kifaransa, pale ambapo wa Dar es Salaam husema breki kutokana na Kiingereza. Hakuna anayehitaji kurekebishwa. Kinachohitajika ni kwamba kitabu kitakapoandikwa, neno feri liwemo pamoja na breki, na kinga pamoja na baiskeli, ili fundi akisomewa asidhani kwamba anasomewa habari za nchi nyingine. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kikapata nafasi katika shule zake za msingi kama somo. Kimefundishwa kama lugha ya maamkizi na ya biashara, mara chache kama lugha ya kueleza mteremko.

7.0 Amri ya 2022 na suala la sera

Mwezi Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, hoja kuu ikiwa usalama barabarani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: tungamo kubwa na breki dhaifu katikati ya msongamano wa watu ni hatari kwa hesabu yoyote. Lakini amri hiyo inahusu mahali pa mwisho pa safari. Jouli milioni 2.7 huachiliwa mlimani, na marufuku ya mjini haipunguzi hata moja. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni, uliopunguza magari na kupandisha nauli, umeifanya baiskeli iwe ya lazima zaidi juu huko.

Washauri wa sera wanaweza kuchukua njia yenye gharama ndogo. Kikomo cha mzigo kwa baiskeli inayoshuka kinaweza kuwekwa kwa kupima breki badala ya kukisia: baiskeli yenye mzigo wake isimamishwe kwenye mwinamo unaojulikana, kwa mkono wa mwenye baiskeli. Ikiteleza, mzigo upunguzwe au breki iongezwe. Sehemu za kupumzisha breki zinaweza kutengwa kila baada ya kilomita kadhaa, kabla ya kona kali, kama zinavyotengwa kwa malori katika milima ya nchi nyingine. Wenzo mrefu zaidi, breki ya pili nyuma, na mpira mgumu usiolainika upesi ni mambo ambayo karakana za Buyenzi zinaweza kuyatengeneza mwezi huu, endapo mwenye kanuni ataketi na mwenye nyundo na wakubaliane kipimo.

Vibao navyo viandikwe kwa Kirundi na Kiswahili, vikitaja kilo na kasi kwa tarakimu kubwa zinazosomeka na mtu anayepita. Rasimu ya maneno ya vibao hivyo ipelekwe kwanza Bugarama, alfajiri, mahali ndizi zinapofungwa kwenye karia, isomwe kwa sauti mbele ya wanaoshuka, na neno lolote wasilolielewa lifutwe papo hapo.